Mali bila Daftari: Nani Mtunzaji wa Kumbukumbu za Skuli za Watoto Wetu?

Soko la Mbamba Bay huchangamka asubuhi, mitumbwi ya wavuvi inapokuwa imekwisha kurejea na usipa umeanikwa juani. Katika safari ya kazi iliyonifikisha mkoani Ruvuma, nilisimama hapo kununua karanga. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinifungia karanga zangu katika karatasi aliyoisokota mfano wa pembe. Nilipozimaliza niliikunjua karatasi ile nikitafuta mahali pa kuitupa, macho yangu yakaangukia mwandiko wa mtoto. Ilikuwa ni insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu". Mtoto alieleza kwamba baba yake huvua usiku kwa taa, kwamba mama yake hulima muhogo, na kwamba yeye mwenyewe hupenda kumsaidia bibi yake kuchota maji kwa sababu bibi humsimulia njiani habari za zamani. Alipoanza kutaja habari hizo ni zipi, karatasi ilikuwa imechanwa. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Vema. Ongeza bidii."

Sikumlaumu kijana yule. Kwetu Visiwani nasi hufungia njugu na bajia katika karatasi za madaftari ya watoto, na hakuna aonaye ajabu. Lakini siku ile nilisafiri na swali ambalo nadhani latuhusu sote, wazazi, walimu na viongozi wa serikali: mtoto akaapo skuli miaka saba, au kumi, au zaidi, ni nani anayetunza kumbukumbu za miaka hiyo? Na zikipotea, ni nani anayepata hasara?

Wazee wetu wafanyabiashara walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wakizungumzia fedha na bidhaa. Lakini mtoto ni mali iliyo kubwa kuliko karafuu za Pemba na kahawa ya Mbinga, nasi tunaye katika daftari kwa miaka michache tu. Kisha tunaliuza daftari lenyewe kwa mwenye karanga.

Mimi nimepitia malezi mawili ya elimu, kama wengi wa rika langu Visiwani. Asubuhi skuli ya serikali, jioni chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Chuoni, sisi wadogo tuliandikiwa harufi ubaoni kwa wino wa masizi. Tulipokwisha kuhifadhi, ubao ulioshwa kwa maji, ukaanikwa, ukaandikwa mengine. Hakuna aliyesikitika ubao ulipooshwa, maana kilichoandikwa kilikuwa kimekwisha kuhamia kifuani, na mwalimu alikuwa akikidai kila jioni mpaka mtu ahitimu. Ule ulikuwa utaratibu kamili wa kuhifadhi kumbukumbu, nao umedumu karne nyingi.

Skulini utaratibu ulikuwa mwingine. Huko kila kitu kilitiwa katika karatasi: jina lako, siku uliyozaliwa, siku uliyokuwapo na siku usiyokuwapo, alama za hesabu, maoni ya mwalimu wa darasa. Kwa kuwa vimo katika karatasi, hakuna aliyetutaka tuvihifadhi kifuani. Basi karatasi ikioza, imeoza pamoja na habari zake zote. Tumeuacha utaratibu wa ubao bila ya kuutimiza utaratibu wa karatasi, na hapo ndipo penye kosa letu.

Visiwa vyetu vina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili, kwa kuwa habari mbili mashuhuri za utoto na mafunzo katika nchi hizi zilianzia Unguja. Ya kwanza ni ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Katika kitabu chake kilichochapwa Berlin mwaka 1886 alieleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyokaa chini mkekani kusoma Kurani, na jinsi yeye, kwa vile watoto wa kike hawakufundishwa kuandika, alivyojifunza kwa siri, akinakili harufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Lau asingeliandika hayo, leo tusingelijua kwamba mtoto wa kike wa Unguja alikuwa na kiu ya kalamu kiasi hicho.

Ya pili inatuunganisha moja kwa moja na ufuko wa Ziwa Nyasa. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ilikuwa na skuli yake Kiungani, nje ya Mji Mkongwe. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Baadhi yao walikuwa wametekwa katika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani ya kusini, wakapakiwa baharini. Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, aliwaomba waandike wenyewe waliyoyakumbuka: nyumbani kwao, jinsi walivyochukuliwa, njia waliyopita. Maandishi yao yalichapwa London mwaka 1887 katika kitabu kilichoitwa kwa jina la skuli yao, Kiungani.

Tuyatazame mambo haya kwa makini. Watoto wale hawakuwa na chochote, hata majina yao mengine yalikuwa yamebadilishwa. Lakini kwa sababu mwalimu mmoja aliona kwamba insha ya mwanafunzi yafaa kutunzwa, sauti zao zimetufikia baada ya zaidi ya miaka 130. Wakati huo huo, vitabu vyote viwili vilitoka katika lugha za kigeni, kimoja Kijerumani na kingine Kiingereza, navyo vilichapwa mbali na wale waliohusika zaidi. Hilo lilikuwa jambo la enzi ya kutawaliwa. Lakini sisi tulio huru, wenye lugha yetu na serikali zetu, tuna udhuru gani?

Ukiteremka kutoka milima ya Umatengo, kwenye mashamba ya ngoro na mibuni ya Mbinga, hadi kwenye ufuko unaoanzia Lituhi kupita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, unapita katika nchi yenye historia ndefu ya elimu. Kisiwani Likoma, upande wa Malawi, misheni ile ile iliyokuwa Unguja ilifungua makao yake mwaka 1885, na miongoni mwa waliofundisha na kuhudumu katika ziwa hilo walikuwamo watu waliosomea Kiungani. Meli yao, Chauncy Maples, iliyoteremshwa majini mwaka 1901, ilikuwa ikizunguka ufukoni ikiwa kanisa, zahanati na skuli kwa pamoja. Huko juu nchi kavu, Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, na katika seminari ya Kigonsera, wilayani Mbinga, alipata kusoma kijana Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Mzee Mkapa aliandika kumbukumbu za maisha yake, utoto na masomo yake yakiwamo, na kitabu chake kikatoka mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki kwake Julai 2020.

Mzee Mkapa alipata bahati hiyo kwa kuwa alikuwa Rais. Lakini wale aliokaa nao dawati moja? Na wale wa Liuli? Mahali hapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na tarehe 13 Agosti 1914 boti ya Waingereza iliishambulia hapo meli ya Wajerumani. Tukio hilo la siku moja limeandikwa katika vitabu vingi vya vita duniani. Maelfu ya watoto waliojifunza kusoma na kuandika katika ufuko huo huo, mwaka baada ya mwaka, hawakupata mwandishi. Habari zao zimo katika madaftari ya mahudhurio tu, kama madaftari hayo yangaliko.

Nasema "kama yangaliko" kwa sababu mambo mengi yamepita juu ya makabati ya skuli zetu. Visiwani, serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Bara, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka skuli za mashirika ya dini mikononi mwa umma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka elimu ya msingi imfikie kila mtoto, na mwaka 1977 mpango wa UPE ukaanza kutekelezwa. Hizo zilikuwa hatua za heshima; wazazi wetu wengi wasingeliliona darasa bila hizo. Lakini kila skuli inapobadili mwenye nayo, kila mwalimu mkuu anapohamishwa, na kila wilaya inapogawanywa, kama Nyasa ilivyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makaratasi huhamishwa pia. Na kila yanapohamishwa baadhi hubaki njiani.

Katika skuli moja ya ufukoni, ambayo sitaitaja, mwalimu mkuu alinikaribisha ofisini. Alikuwa mtu mzima mwenye kuipenda kazi yake. Alinionyesha sanduku la bati chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na madaftari ya mahudhurio ya miaka ya themanini, kingo zake zimeliwa na mchwa. Alifungua moja kwa uangalifu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Tazama hapa, ndugu yangu," aliniambia. "Mtoto huyu alihudhuria kila siku hadi wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Halafu alama zinakoma. Mwalimu wa darasa amepiga mstari mwekundu na kuandika: amefariki."

Nilimwuliza kama wazazi wake wapo.

"Mama yake yupo. Ni bibi mzee sasa. Siku moja alinijia akaniomba nimsomee jina la mwanawe. Hana picha yake, hana cheti chake, kwa kuwa mtoto hakufika darasa la saba. Nilimsomea. Alikaa kimya, kisha akasema: kumbe serikali ingali inamjua."

Sikuwa na neno la kumjibu. Mimi mwenyewe nilisoma na mtoto aliyefariki tulipokuwa darasa la nne. Tulikaa dawati moja. Nakumbuka cheko lake na jinsi alivyokuwa akikimbia kwenda kugonga kengele, lakini jina la baba yake limenitoka. Nilipokwenda kulitafuta skulini, niliambiwa kwamba paa lilivuja wakati wa masika, na madaftari ya miaka ile yakatupwa jaani. Basi mtoto yule hana tena karatasi hata moja ya serikali yenye jina lake.

Huenda kiongozi mmoja akasema: hayo ni mambo ya huzuni, lakini serikali ina kazi kubwa zaidi. Namjibu kwa heshima kwamba jambo hili lina upande wa haki na sheria pia. Katika vijiji vingi watu wazima hawana vyeti vya kuzaliwa. Wanapoomba kusajiliwa, au wanapotaka kitambulisho cha taifa, huulizwa ushahidi: ulizaliwa lini, wapi, na nani? Cheti cha kumaliza elimu ya msingi ni mojawapo ya karatasi zinazowasaidia, na cheti kikipotea, kimbilio ni daftari la uandikishaji la skuli, lenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na kijiji chake. Kwa mkaazi wa Kigoma, wa Tanga au wa ufuko wa Nyasa, mahali ambapo ndugu wa ukoo mmoja wamo Tanzania, Malawi na Msumbiji, mstari mmoja katika daftari hilo unaweza kuwa ndio unaomtofautisha raia na mgeni. Mwalimu anayeliacha daftari liliwe na mchwa anaweza kuwa anamnyang'anya mtu uraia wake bila ya kujua.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika kompyuta. Ni kweli kwamba Bara mwanafunzi hupewa namba yake katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo humfuata anapohama. Hayo ni maendeleo, nasi tuyapongeze. Lakini mfumo huo unahifadhi jina na alama. Haujui kwamba mtoto aliandika insha juu ya bibi yake. Wala haurudi nyuma kuwachukua waliosoma zamani. Na kwa upande wa picha tunazozipiga kwa simu siku ya kumaliza skuli, kila mmoja wetu anajua simu ngapi zimetumbukia baharini, zimeibwa au zimekufa na picha zake zote.

Hatuna budi basi kuchukua hatua. Sizungumzii mradi wa mabilioni. Nazungumzia mambo ambayo skuli ya kijijini inaweza kuyafanya muhula huu.

Kwanza, daftari la uandikishaji na kitabu cha matukio ya skuli, kile ambacho mwalimu mkuu huandika wageni waliofika, mafuriko, maradhi na sherehe, visitupwe kamwe. Viwekwe katika sanduku la bati au kabati la chuma, juu ya matofali, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Mwalimu mkuu anapohama, vihesabiwe katika makabidhiano kama vinavyohesabiwa madawati. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka kumbukumbu za umma zisiharibiwe bila utaratibu, na maofisa wa elimu wa wilaya wanapaswa kuwakumbusha walimu kwamba daftari la skuli ni kumbukumbu ya umma. Kwetu Zanzibar tunayo nyumba ya nyaraka Kilimani yenye hazina ya kupigiwa mfano. Wataalamu wake wakialikwa kuwafunza walimu kwa siku moja tu, faida yake itakuwa ya miaka mingi.

Pili, kila mtoto awe na bahasha yake, skulini au nyumbani. Haitakiwi kutiwa kila kitu. Kwa kila mwaka yatosha insha moja, mchoro mmoja, taarifa ya maendeleo, na picha ya darasa ikipatikana. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka na mahali. Picha isiyo na majina huwa bubu baada ya miaka ishirini. Pini na vibanio vya chuma viondolewe, maana hewa ya bahari na ya ziwa huvitia kutu, na kutu hula karatasi. Gundi ya utepe isitumike kubandikia palipochanika. Huacha doa lisilotoka. Bahasha isitiwe katika mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa sababu unyevu ukinaswa humo huleta ukungu.

Tatu, walio na simu nzuri wapige picha za karatasi hizo pia, na nakala ziwekwe mahali pawili: kwa mfano moja kwa mzazi na nyingine kwa jamaa aliye mji mwingine. Nakala ya simu iwe msaidizi wa karatasi, isiwe mrithi wake.

Nne, wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe kazi ya kuwahoji wazee juu ya skuli zao za zamani: walikaa chini ya mti gani, walivuka mto gani, walilima shamba gani la skuli, waliimba nini katika mchakamchaka. Mzee akipenda kusema Kimatengo, Kimanda, Kimpoto au Kinyasa, aandikwe katika lugha hiyo, kisha itolewe tafsiri ya Kiswahili. Na asizuiwe kutaja machungu, njaa na viboko vikiwamo, maana kumbukumbu yenye sifa tupu haimfundishi kiongozi lolote.

Tano, heshima ya mtoto ilindwe. Kutunza ni jambo moja na kutangaza ni jambo jingine. Alama za mtoto, maradhi yake, adhabu zake na umaskini wa nyumbani kwao si vitu vya kuanikwa mbele ya watu, wala picha yake isisambazwe bila idhini ya mzazi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, dini na desturi zetu zilitufunza kusitiri.

Ndugu wasomaji, wapo watakaosema skuli haina vyoo vya kutosha, haina madawati, na huyu anatutaka tununue masanduku. Ninakiri kwamba upungufu huo upo na unauma. Lakini sanduku moja la bati hutumika miaka thelathini, na penseli na bahasha ni bei ndogo kuliko mchango wa sherehe moja. Nami ninaamini kwamba mzazi anayetunza insha ya mwanawe ya darasa la tatu ndiye atakayeuliza kwa nini darasa la nne halina mwalimu, kwa sababu ataiona tofauti kwa macho yake katika karatasi.

Ile karatasi ya karanga ninayo. Niliifuta mafuta nikaiweka ndani ya kitabu. Kabla ya kuondoka Mbamba Bay nilirudi sokoni kumwuliza kijana madaftari yake huyatoa wapi. Alisema huletewa na watoto wenyewe muhula unapofungwa, kila kilo kwa bei yake. Nilitaka kumrudishia mwandishi insha yake, nimsihi aimalize na anieleze bibi alimsimulia nini njiani. Lakini jina huandikwa juu ya jalada, na jalada halikuwapo.

Muhula mwingine unakaribia kufungwa. Mzazi, kabla ya kuyatoa madaftari ya mwanao, yafungue kwanza. Toa kurasa mbili, tatu. Andika juu yake jina la mtoto, jina la skuli na mwaka. Zilizobaki apewe mwenye karanga.